Risasi Mia, Mlio Hakuna

Shemeji yangu ana kipaji kimoja, hasahau. Habari hii naiandika mwenyewe kabla hajaifikisha Tanga ikiwa imeota mkia na pembe.

Ninaishi Aurora, pembeni mwa Denver, Marekani, naendesha lori. Katika safari zangu nikafahamiana na mfugaji mmoja mzee wa upande wa Sterling, kaskazini mashariki mwa Colorado, kule ambako ardhi imelala bapa kama chapati na upepo haujui Jumapili. Malisho yake yamevamiwa na wanyama wanaoitwa prairie dog. Jina lina mbwa, mbwa mwenyewe hayumo. Ni mnyama wa ukoo wa kindi, ila huyu hana habari na miti, yeye anachimba. Uzito wake kilo moja na ushee. Wanaishi kijiji kizima, mashimo kila hatua chache, na majani wanayakata mpaka ardhi inabaki na upara. Mzee akaniambia, njoo na bunduki siku yoyote.

Mke wangu aliposikia neno "dog" akaweka mwiko chini. "Baba watoto, ndiyo tumefika huko, kuua mbwa wa watu?" Ikabidi nimwonyeshe picha. Akaitazama sana. "Huyu ni panya aliyekula vizuri," akasema. "Nenda."

Bunduki ninayo, ya mkono wa pili, .25-06. Wenyewe huziita za robo inchi, lakini ukiipima risasi yake unapata inchi 0.257. Hiyo 06 ni mwaka 1906, mwaka wa mama yake, .30-06 ya jeshi la Marekani. Watu walilichukua ganda la mama, lile linalobeba baruti, wakalibana shingo, wakawa wanajitengenezea wenyewe miaka na miaka, mpaka kampuni ya Remington walipoiingiza kiwandani mwaka 1969. Haya yote niliyajua kwa moyo. Nataka msomaji aelewe kwamba sikwenda dukani kama mjinga. Nilikwenda nimesoma, na hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Wiki nzima nilikuwa nachagua risasi. Uzito wake unahesabiwa kwa grain, 7000 ndiyo ratili moja. Mie nyumbani naziita punje. Punje 117 au 120 ni za swala na kulungu, ngozi yake ya shaba nene, inapenya hadi ndani. Kwa kijimnyama cha kilo moja unataka nyepesi, punje 75, haifiki hata gramu tano, yenye ngozi nyembamba na ncha ya plastiki nyekundu. Hiyo inaondoka kwa mwendo wa zaidi ya mita elfu moja kwa sekunde, na ikigusa kitu inapasuka vipande vipande. Haidundi kwenye jiwe ikaenda kumsalimia ng'ombe wa mzee. Tatizo ni upepo. Nyepesi inasukumwa. Je, nichukue 87? Au 100? Nilikuwa naamka saa nane usiku nawaza upepo wa Sterling. Nikamuuliza hata shemeji, ambaye silaha yake kubwa maishani ni manati. Akasema, "Shem, chukua ya katikati, kama viatu vya mtoto."

Nikachukua 75.

Dukani muuzaji alikuwa bwana mtaratibu mwenye ndevu. Nikamtajia kila kitu, kipenyo, punje, ncha, wanyama wenyewe. Nikaona anavyonitazama, kwamba huyu anajua. Akanipeleka kwenye rafu ya ndani, akanipa boksi dogo kama la majani ya chai, ila zito, linajaza kiganja. Limeandikwa 100. Nikatazama bei, nikatazama na bei ya maboksi ya kule mbele, yale ya ishirini ishirini. Mia hizi zilikuwa rahisi kuliko zile ishirini! Nikajua nimeangukia kwenye punguzo, nikanyamaza wasije wakagundua.

Akaniuliza swali moja tu. Kama huwa najaza mwenyewe.

Nikamjibu kwamba bila shaka najaza mwenyewe, sasa anijazie nani? Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, akasema siku hizi vijana wengi hawataki hiyo kazi. Nikamwambia mie tangu siku ya kwanza. Tukaagana kama ndugu.

Jumamosi tukaondoka alfajiri, shemeji na chupa ya chai, mie na bunduki. Saa mbili njiani, na saa mbili zote nilimfundisha shemeji habari za punje. Tulipofika, mzee akatuonyesha kilima, akatuonya tusiwaguse bundi wadogo wanaokaa kwenye mashimo yaleyale, wanatoka mchana na kusimama mlangoni kama mabawabu. Akaondoka na gari lake.

Nikatandika mkeka, nikaweka darubini sawa, nikaona kijiji kizima kimesimama kwa miguu miwili kinatutazama. Nikasema, "Shem, nipe boksi." Akafungua.

Kimya.

"Shem," akaniita polepole, "hizi mbona fupi?"

Nikachukua moja. Ncha nyekundu, nzuri. Mwili wa shaba, unang'aa. Urefu, kiungo kimoja cha kidole. Na chini yake hapana kitu. Hapana ganda, hapana baruti, hapana fataki ya kuiwasha. Nikamwaga boksi zima mkekani, nikawa natafuta kama mtu anayechambua mchele. Mia moja, zote vichwa vitupu.

Kosa ni la Kiswahili, nitaapa hadi kaburini. Kwetu inayoingia kwenye bunduki ni risasi, inayotoka ni risasi, na madini yanayoyeyushwa kuitengeneza nayo risasi. Hawa wenzetu wana neno la kitu kizima na neno la kile kinachoruka peke yake. Mie niliomba kile kinachoruka. Na "kujaza mwenyewe" maana yake ni mtu aliye na mashine nyumbani, anapima baruti kwenye mizani na kukandamiza kichwa juu ya ganda.

Shemeji hakukubali kushindwa haraka. "Jaribu moja, huenda zikawa za kisasa." Na mie, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikaitia kwenye chemba. Nikakoki. Nikavuta triga. Ka! Nikainua mtutu, nikafungua, risasi ikateleza ikatoka taratibu kule nyuma ilikoingilia, ikaangukia kwenye kikombe cha chai cha shemeji.

Sasa wale wanyama wana tabia moja. Mmoja anajirusha mikono juu, kichwa nyuma, anapiga yowe. Jirani anaitikia, na jirani wa jirani, mpaka kijiji kizima kinarusha mikono kama uwanja wa Taifa limeingia bao. Tulikaa pale tukashangiliwa dakika kama ishirini.

"Shem," akasema shemeji akitoa risasi kwenye chai, "wewe mtoto wa Tanga. Nazi ya shilingi ngapi huinunui mpaka uitikise sikioni. Boksi la risasi hukulifungua?"

Mzee aliporudi akauliza mbona hakusikia mlio. Nikamwonyesha kiganja. Akavua kofia, akaegemea gari, nikadhani amepatwa na moyo. Alikuwa anacheka.

Jumatatu nilirudi dukani. Risasi hazirudishwi, limebandikwa tangazo kubwa ukutani. Yule bwana wa ndevu akanikumbuka, akauliza kwa hamu zile za punje 75 zinapigaje. Nikamwambia zina utulivu wa ajabu. Akafurahi, akataka kunijumlishia mashine, mizani, maganda, fataki na baruti. Hesabu ilipopita bei ya bunduki nikamzuia. Nikaomba boksi la ishirini, zilizo kamili.

Akalileta. Nikalishika, nikatazama huku na huku, halafu nikalitikisa sikioni.