Chui Alihamia Mgongoni

Mimi nauza rangi. Dukani kwangu kuna misumari, bawaba, gundi ya mbao na makopo ya rangi ya mafuta ya kila ukubwa, na mteja akiniuliza itakauka lini namjibu jibu moja miaka yote: "Saa sita tu, unagusa." Sijawahi kukaa na ubao nikahesabu. Ni jibu linalouza, basi.

Mwezi wa nne, masika imekolea Dar hadi chumvi jikoni imegeuka uji, mpwa wangu akaja mbio dukani. Ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Kituo cha sanaa cha mtaani kwetu kilikuwa kinafungua maonyesho mapya matatu kwa mpigo: picha, vinyago na kanga za zamani. Yeye alipewa ukuta mzima, na chui wake mkubwa, wa futi nne kwa nne, bado hana madoa.

"Mjomba, hii nyeusi itakauka mpaka kesho jioni?"

Nikamtazama kama aliyenitukana. "Saa sita tu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilitoka msikitini nikaunganisha moja kwa moja, na kanzu yangu nyeupe ya Idi aliyoninunulia mke wangu. Pindo lilifumuka siku ileile ya Idi, naye akalishona kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe uliisha. Nilipolalamika aliniambia, "Nani atakuinamia miguuni?" Likumbukeni pindo hilo.

Chumba cha vinyago nilikipita haraka. Kulikuwa na kazi za Kimakonde za mpingo, ule mtindo wa ujamaa: gogo moja, watu wamebebana mabegani kuanzia babu hadi kitukuu. Daladala ya Gongo la Mboto alfajiri, ila hapa hakuna aliyekanyagwa akalalamika.

Chumba cha picha ndiko hotuba ilikofanyikia. Msimamizi alitueleza habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968 kwenye vipande vya mbao za silingi, kwa rangi zilezile za kupaka baiskeli, akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na hadi leo watu wanakula kwa jina lake! Aliposema rangi za baiskeli nilinyoosha shingo. Kumbe biashara yangu ina historia. Nikawatazama watu kulia na kushoto, nikitamani mtu aniulize nafanya kazi gani.

Halafu akapewa nafasi mgeni rasmi. Mgeni rasmi alianza na shukrani, akaingia kwenye utoto wake, na alipofika darasa la tano miguu yangu ilikuwa imeshastaafu. Nikarudi nyuma taratibu, nikaegemea.

Sasa, jambo ambalo huwa siwaambii wateja. Rangi ya mafuta kwenye unyevu ina unafiki: juu inashika ngozi kama maziwa yaliyochemshwa, chini bado mbichi. Ukiigusa kwa kidole inakuapia imekauka. Ukiilalia kilo tisini kwa dakika ishirini, hiyo ni habari nyingine. Nilihisi ubaridi mgongoni, nikashukuru kwamba wamefunga feni.

Hotuba ilipokwisha nikabanduka. Nilisikia mchaniko mdogo, tss, kama plasta inayotoka kwenye kidonda. Nikaenda kwenye meza ya sambusa.

Heshima niliyoipata pale sijawahi kuipata popote. Watu wananipisha. Simu zinapiga picha nyuma yangu. Kijana mmoja akasema, "Kazi kubwa hii, mzee," nami nikadhani anasifia sahani yangu, maana kweli nilikuwa nimeipanga. Mama mmoja wa miwani akanishika bega, akanigeuza polepole kama anayechagua kabati la vyombo.

"Hii bei gani?"

"Bure, mama. Chukua tu."

"Bure? Yote?"

"Yote. Ila hiyo ya pembeni ina pilipili."

Msimamizi alilisikia lile neno bure, akaja na uso wa mtu aliyeibiwa. Nyuma yake mpwa wangu, mikono kichwani.

"Mjomba, chui wangu yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye mchungaji wa chui?"

"Umemvaa!"

Wakanipeleka ukutani. Kwenye ubao, chui alibaki na madoa yaliyofifia na jicho moja. Jicho la pili, sharubu na mkia wote nilikuwa nao mimi, tena kwangu amegeukia upande wa pili.

"Si ulisema saa sita?" mpwa akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. "Ahaa! Hata mlango wangu aliniambia saa sita. Mjukuu alinasa nywele."

"Na geti letu," mwingine akadakia.

Mimi nikajua nimekwisha, lakini mama wa miwani akaniokoa. Alikuwa anawataka wote wawili, wa ubaoni na wa mgongoni, eti wanatazamana. Wakapatana laki sita, laki mbili zangu. Nikavuliwa kanzu palepale, nikarudi nyumbani kwa njia ya uani na msuli na singlendi.

"Kanzu iko wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwa dobi."

"Dobi gani anapokea nguo Ijumaa usiku?"

"Ni mpya."

Kumbe pale kituoni kazi ikishauzwa haiondoki. Inabandikwa kidoti chekundu, inabaki ukutani hadi maonyesho yafungwe. Na kanzu, kwa kuwa ni nguo, walikwenda kuitundika chumba cha kanga. Na Jumapili akina mama wa kikoba cha mke wangu waliamua kwenda kuangalia nini? Kanga.

Mpwa alinipigia simu ananong'ona. "Mjomba, shangazi yuko hapa. Ameinama. Anaangalia pindo." Nikasikia kwa mbali kijana wa ukumbini akisema, "Mama, kazi za wasanii haziguswi," na sauti ninayoijua vizuri sana ikimjibu, "Msanii gani? Hapa nimeshona mimi."

Jioni alirudi, akavua viatu, akanimiminia chai hadi ukingoni, akakaa mbele yangu akaweka kiganja wazi mezani.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "huyo dobi wako mpya amekulipa shilingi ngapi?"