Mpeni mgeni jina la mwenye nyumba

Fungua kurasa za nyumba za kupanga Malindi mwezi wa Novemba, kabla msimu haujachanganya, utaikuta nyumba moja imetangazwa na watu watatu kwa bei tatu. Baraza ni lile lile, mwarobaini uwani ni ule ule, kinachobadilika ni nambari ya simu na kodi. Akipiga mwenyeji, anatajiwa bei ya chini. Akipiga mgeni, lafudhi yake tu inapandisha bei. Jambo hili linaniudhi, na linaniudhi zaidi ninapowasikia watu wazima wakilisifu kuwa ni akili ya biashara.

Na tusidanganyane kwamba mgeni ni Mtaliano mstaafu peke yake, yule mwenye kibali cha ukaazi cha daraja K na pensheni ya Ulaya. Mgeni ni mwalimu Mganda wa shule ya binafsi. Ni Mtanzania anayefundisha kupiga mbizi Watamu. Ni Mkongo mwenye kinyozi chake Barani. Mwenyeji hupata nyumba kwa mdomo: shangazi kasikia, muuza duka kasikia, mtu kaambiwa msikitini baada ya alasiri. Mgeni hana shangazi hapa. Njia yake ni dalali, na dalali akimziba macho hakuna wa kumfumbua.

Cha juu, yaani nyongeza ambayo kila mtu wa kati huipachika juu ya bei ya mwenye nyumba, hutembea hivi. Tuseme mwenye nyumba anataka 35,000 kwa mwezi. Anamwambia mlinzi. Mlinzi anamtajia dalali wa mtaa 40,000. Dalali wa mtaa anampigia mwenzake mwenye wateja wa kigeni, anasema 48,000. Huyo wa mwisho anamwambia mgeni 60,000. Mgeni analipa diposti ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, jumla 180,000. Mwenye nyumba anapokea 105,000 na anaridhika, maana ndizo alizoomba. Shilingi 75,000 zimebaki njiani kabla mgeni hajafungua begi.

Watu hulalamikia ile tofauti ya kila mwezi, ambayo kwa mwaka inafika 300,000. Ni nyingi, sikatai. Lakini kidonda chenyewe kiko kwenye diposti. Siku ya kuhama, mgeni anadai 120,000 zake. Mwenye nyumba anazo 70,000, kwa sababu ndizo alizopewa. Kila mmoja anasema kweli na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Wanatukanana uani, wanapelekana kwa chifu, na wale waliogawana 50,000 hawapokei simu. Kesi nyingi za "wenye nyumba wa Malindi hawarudishi diposti" zimeanzia hapo, siku ya kwanza, pesa zilipopita kwa mtu asiyestahili kuzishika.

Mbaya zaidi ni pale dalali anapoendelea kupokea kodi kila mwezi ili kulinda cha juu chake. Akikwama na pesa mwezi mmoja, kwa mwenye nyumba hilo ni deni la mpangaji. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura 293, inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali wa mnada mwenye leseni achukue vitu vilivyomo ndani. Mgeni atasimama mlangoni na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mtu ambaye mwenye nyumba hajawahi kumpa ruhusa ya kupokea chochote. Amelipa kodi, na friji yake inapakiwa kwenye lori.

Sheria ya mawakala wa nyumba, Sura 533, ipo tangu miaka ya themanini. Inataka kila anayefanya kazi hii asajiliwe na bodi yake, na kuifanya bila kusajiliwa ni kosa. Wengi wanaozungusha wateja kwa bodaboda hawana usajili huo. Mgeni aombe cheti cha mwaka huu, na asione haya kuomba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dalali wa mtaa ana haki yake. Anaamka mapema, analipia mafuta, anaonyesha nyumba sita juani, na mteja akighairi hapati hata ya chai. Nakubali pia kwamba wenye nyumba wengine wamelizaa tatizo hili wenyewe: wanamwahidi kamisheni, mpangaji akishaingia wanamgeuka. Mtu aliyenyimwa nusu ya kodi ya mwezi aliyoahidiwa atajifunza kujilipa mwenyewe kutoka kwa mgeni. Dawa yake ni kamisheni inayojulikana, nusu mwezi au mwezi mmoja kwa mapatano, iandikwe, ilipwe mara moja, itolewe risiti. Cha juu cha kila mwezi kisicho na mwisho si malipo ya kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni, kabla ya picha na kabla ya kuulizia kiyoyozi, liwe hili: mwenye nyumba anaitwa nani? Dalali akisema "utamjua ukishalipa", hapo hapana nyumba. Akitaja jina, omba nakala ya hatimiliki, kisha ufanye upekuzi kwenye masjala ya ardhi. Jina lililo kwenye upekuzi ndilo linalotakiwa kuwa kwenye kitambulisho, kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki. Mahali panne, jina moja. Likipishana mahali pamoja, simama mpaka upate sababu iliyoandikwa.

Mara nyingi Malindi litapishana kwa sababu halali. Vila nyingi za Casuarina na za upande wa Mayungu zimeandikwa kwa jina la kampuni. Hapo omba CR12, ile hati inayotolewa kupitia eCitizen yenye majina ya wakurugenzi na wenye hisa, na anayetia sahihi awe mmoja wao au awe amepewa mamlaka nao kwa maandishi. Mwenyewe akiwa Milano, msimamizi wake aonyeshe hati ya uwakili iliyosajiliwa. Ufunguo si hati. Mlinzi anao ufunguo, mtunza bustani anao, na kila Desemba kuna mpangaji anayeamshwa na mwenye nyumba aliyetua uwanja wa ndege na kukuta watu wasiojulikana kitandani mwake.

Lamu shida ina sura nyingine. Nyumba ya mawe ya Mkomani au Langoni huenda ni ya warithi wanane, mmoja yuko Mombasa, mwingine Muscat, na aliyebaki mjini ndiye anayepangisha kana kwamba ni yake peke yake. Ukiambiwa ni ya mirathi, omba uamuzi wa Mahakama ya Kadhi au hati ya msimamizi wa mirathi, na upate kibali cha warithi wengine. Uliza pia kama ni wakfu. Kuuliza si utovu wa adabu, na familia yenye mambo yake sawa haitakasirika.

Mkataba wa mwaka mmoja unatosha kuanzia. Mkataba usiozidi miaka miwili na usio na kipengele cha kuongeza muda hauhitaji kusajiliwa, lakini ushuru wa stempu lazima: asilimia 1 ya kodi ya mwaka kwa mkataba usiozidi miaka mitatu, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kutiwa sahihi. Kwa nyumba ya 35,000 hiyo ni 4,200. Watu huiona hasara, wakaja kugundua mahakamani kwamba mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi. Mgeni naye awe na nakala ya pasipoti, kitambulisho cha mgeni na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato Kenya, maana mwenye nyumba makini atavitaka.

Kuna jambo la kodi ya serikali ambalo madalali hawalitaji kabisa. Mwenye nyumba akiwa si mkazi wa Kenya kwa hesabu za KRA, pango analolipwa hukatwa kodi ya serikali ya asilimia 30, na anayepaswa kuikata na kuiwasilisha ni yule anayelipa. Kwa mji wenye nyumba nyingi za watu wanaoishi Ulaya, hili si jambo dogo. Mkataba useme wazi nani atakata, na kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya makato.

Ukaguzi wa nyumba ni mwepesi ukijua pa kutazama. Maji ya mfereji ya Malindi yanatoka Baricho, mto Sabaki, na pampu zikisimama kule mji unabaki na matangi. Uliza tangi ni la lita ngapi. Kama ni maji ya kisima, yaonje, na utazame bomba la mvua la bafuni: ukoko mweupe maana yake chumvi. Mita ya tokeni inunulie za shilingi mia mbele ya dalali uone kama inakatwa deni la mpangaji aliyetangulia. Makuti yatazame kwa ndani mchana. Ukiona vitobo vya jua, Mei utalala na ndoo.

Halafu msimu. Kipengele kinachompa mwenye nyumba haki ya "kuichukua nyumba Desemba na Agosti" kifutwe, au kodi ishuke kwa miezi hiyo na tarehe ziandikwe.

Wako watakaosema, mwache mzungu alipe, anazo. Nyumba iliyopangishwa kwa 60,000 hairudi 35,000 mgeni akiondoka. Mwenye nyumba akishasikia alicholipa mgeni, hiyo ndiyo bei mpya, na jirani yake anaifuata. Muuguzi wa hospitali ya serikali aliyekuwa akikaa karibu na kazi anahamia ndani zaidi kila mwaka, na nauli ya tuktuk asubuhi na jioni inatoka mfukoni mwake. Cha juu anachowekewa mgeni leo, mtoto wa Malindi atakilipa kesho, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwa hasira.

Siku ya kukabidhiwa funguo, mwenye nyumba au msimamizi wake halali awepo. Pigeni picha kila chumba, kila kiti, kila ufa, na namba ya mita. Andikeni orodha, kila upande ubaki na nakala yenye sahihi. Diposti iende kwenye akaunti ya mwenye nyumba, kwa jina lile lile la hatimiliki, na mkataba utaje siku ya kuirudisha baada ya kuhama. Kamisheni ya dalali ilipwe kando, siku hiyo hiyo, mbele ya wote watatu.