Mwenye njaa hana miiko? Hapo mimi nakataa

Kuna huu msemo hapa Mombasa twautoa kila tukitaka kufunga mjadala, mwenye njaa hana miiko. Karani akila chai ya mteja, jibu ni hilo. Mtu akiulizwa mbona kazi yenyewe yakukera roho miaka yote na bado uko, hilo. Mwenye duka akiwauzia watoto wa shule kitu anachojua fika chawaharibu, hilo hilo. Lakini hebu angalia vizuri ni nani wanaolisema sana, wala si wenye njaa. Mama muuza viazi karai wa barabarani kwetu mafuta yakishageuka rangi huyamwaga, na hana hata akiba ya wiki, alafu kuna mahoteli huko... haya, tuyaache hayo.

Tuchukue muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, ndugu ya miraa. Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia na kuuzwa Mombasa, Kilifi nao wakafuata, wakulima wa Embu wakapandwa na hasira, na hazikupita siku nyingi Mahakama Kuu huko Embu ikaisimamisha ile marufuku. Mtaani kwetu vibanda vilikuwa vishafyata, huoni jani. Amri iliposimamishwa tu, vile vifurushi vikarudi pale pale karibu na jojo na njugu, kama hapakupita kitu. Isipokuwa kibanda kimoja cha mzee mmoja, yeye alikuwa ashaacha kabla hata gavana hajafungua mdomo, kwa sababu aliona wateja wake wa jioni ni watoto aliowajua tangu wako nepi. Marufuku ilipokuja haikumhusu, ilipoondoka pia haikumhusu. Sasa sisemi muguka ipigwe marufuku ama isipigwe, wakulima wa Mbeere huko Embu nao wana watoto wa kusomesha na hilo lina wenyewe. Nasema kuacha ni kitu kimoja na kuachishwa ni kengine kabisa.

Na tusidanganyane, yule mzee aliumia. Muguka ndio ilikuwa yavuta watu, mtu akija kununua jani achukua na soda na sigara na maji, ukiitoa hio wateja wote wa usiku wamekwenda kwa jirani. Alibaki kibanda kimepwaya mpaka mkewe alipoanza kupika mahamri na mbaazi za asubuhi, na hata hivo ukimuuliza atakwambia pesa si kama zile. Hapo ndipo mimi naanza kuamini mtu ana msimamo. Ule ambao haujawahi kukukosesha hata shilingi bado siuhesabu.

Ndio maana hizi semina za hoteli za Nyali hunichekesha kidogo, walipa kiingilio, wapewa kalamu na karatasi ya rangi, waambiwa andika mambo matano unayoyathamini. Kila mtu aandika familia, uaminifu, dini, afya. Nani ataandika hathamini familia? Swali lenye maana ni la pili na hapo semina imeshafika saa ya chai, yaani hiyo familia uko tayari ikukoseshe nini? Zamu ya usiku yenye malipo mara mbili? Cheo cha Nairobi? Kama hujui, basi siku hio cheo kitakapokuja kitakuamulia chenyewe.

Mimi naona siri ni kuamua mapema, kabla pesa haijawekwa mezani. Pita Mji wa Kale ama Marikiti Ijumaa kama saa sita unusu uone maduka yanavyofungwa moja moja. Mteja yuko mlangoni, wakati mwingine ni mtalii na dola zake mkononi ameshaanza kupatana bei, na mwenye duka amwambia kwa heshima rudi saa nane. Hakai chini kila Ijumaa kupiga hesabu leo nitapoteza ngapi. Hio hesabu ilishafanywa zamani, pengine na babu yake, na wateja nao washazoea. Sasa ukitaka kuona kazi ilivyo ngumu jaribu kuanzisha msimamo siku ile ile mwajiri amekuita ofisini na bahasha iko wazi, mshahara umekuishia tarehe kumi na tano, na mkopo wa simu wa Fuliza wadai. Hapo hata malaika angetaka muda wa kufikiria.

Najua mtu atasema wewe waongea kama kwamba kila kitu ni kuchagua. Sio. 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya bandari ipande reli ya SGR na kliaringi, yaani kuitoa mizigo forodhani, ikahamishiwa bara, kuna madereva wa malori na makarani wa Changamwe na Miritini hawakuchagua chochote, kazi iliondoka tu, na iliporudishwa 2022 wengine walikuwa washauza gari na washahama nyumba. Mtu kama huyo ukimwendea na habari ya thamani za maisha akikufukuza ni haki yake. Ila hata pale nilimwona mmoja akifuata kazi Nairobi na mwenzake akikataa akabaki kuendesha tuktuk kwa sababu ya mzazi mgonjwa, na wote wawili walilala vizuri, kwa vile kila mmoja alijua amefanya kwa ajili ya nini. Aliyesumbuka ni yule wa tatu, alikwenda kwa sababu wenzake wamekwenda. Ni yale yale ya harusi zetu, mkopo wa kupamba ukumbi siku moja kwa sababu watu watasemaje, na hao watu wenyewe wakitoka pale walalamikia pilau.

Juzi kijana wa dadangu kaniuliza, amepata kazi duka la kamari mjini, mshahara mzuri kushinda duka la simu alipo sasa, aende? Mimi kamari siipendi hata kidogo na nilimwambia bila kuzunguka. Akasema mjomba, nakusikia, lakini mimi jambo langu ni mama, kliniki yake ni kila Alhamisi na duka la simu hawataki kunipa siku hio. Nikamweleza sheria ya ajira ya 2007 yampa angalau siku moja ya kupumzika katika kila saba, ila siku gani hio ni ya kupatana, na apatane kabla hajatia sahihi wala sio baadaye. Akaenda akawaambia Alhamisi ama basi. Wakakubali, akataka iandikwe, ikaandikwa kwenye barua.

Nimemwambia tena jana kamari siipendi. Akacheka, akaniambia mjomba, hio yako, na wewe wakikuita usiende.