Ardhi ya ukoo na mji unaotanuka: Vanuatu ilipofikia

Madai ya ardhi ndiyo yaliyowasha moto wa uhuru wa Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Tangu 1906 visiwa hivyo vilitawaliwa kwa ubia na Uingereza na Ufaransa, na walowezi wakajitwalia mashamba makubwa ya minazi. Uhuru ulipofika mwaka 1980, Katiba ikairudisha ardhi yote kwa wenyewe wa kimila na vizazi vyao. Haiuzwi. Hukodishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 75, ambao husemwa kuwa ndio umri wa mnazi.

Wanaotaka mji mkuu, Port Vila, ukue haraka wana hoja: kwamba ardhi ya kimila huwakwamisha. Benki hutaka hati ndipo ikopeshe, na koo mbili zikigombania kiwanja, shauri huweza kudumu miaka, barabara ikisubiri.

Lakini tutazame pwani ya Efate, kisiwa chenye mji huo. Zaidi ya nusu ya pwani hiyo ilikuwa imeshakodishwa miaka thelathini tu baada ya uhuru. Aghalabu mtu mmoja alitia saini kwa niaba ya ukoo mzima, na koo zilipozozana, sheria ilimruhusu waziri wa ardhi kusaini badala yao. Mkataba ukiisha, ukoo unaotaka ardhi yake huweza kudaiwa kwanza fidia ya majengo yaliyomo. Mkulima wa viazi vikuu ataigomboa hoteli kwa fedha gani? Hapo mila haikuzuia chochote, ilirukwa. Ndiyo maana naziunga mkono kwa moyo wote sheria za mwaka 2013, ambapo Ralph Regenvanu, akiwa yeye mwenyewe waziri wa ardhi, alikubali wizara yake inyang'anywe kalamu hiyo.

Kinachonisumbua ni Blacksands, pembezoni mwa mji. Mtu aliyehamia kutoka kisiwa cha Tanna humlipa mwenye ardhi mkono kwa mkono, husimamisha kibanda cha mabati, hupanda migomba. Karatasi hana. Mwenye ardhi akifariki, mrithi anaweza kuja na bei mpya, au kumwambia ahame. Kwao Tanna mila inampa shamba. Hapa haimtambui, ingawa ni raia.

Ukoo ubaki na ardhi yake, hilo silegezi. Ila mpangaji huyu apewe mkataba wa maandishi, usomwe kwa sauti mbele ya chifu na wanaukoo wote, wake kwa waume, na miaka itajwe. Na bomba la maji limfikie sasa, lisingoje hati.