Sabufa ya sebuleni kutolewa nje

Pita Dar es Salaam jioni, kwenye vibanda vya chipsi na saluni za kunyolea: sabufa iliyoundwa kwa ajili ya sebule imewekwa nje juu ya kreti la soda, imevishwa nailoni. Wenye nazo wana hoja. Spika ya nje hasa, yenye alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji kama IP55 mgongoni, ni ghali, na hii ipo tayari.

Sipingi moja kwa moja. Spika isiyo na ampu (kikuza sauti) ndani yake, ikitundikwa upenuni ambako mvua ya upepo haifiki, inaweza kudumu. Ipakwe vanishi, hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, huanza kunywa maji hapo, ikavimba mpaka skrubu zikalegea. Uso uinamishwe kidogo, waya uning'inie kitanzi kabla ya kuingia ili maji yadondokee chini. Tundu la besi lisizibwe. Liwekewe wavu wa mbu.

Ila yapo yasiyozibika. Koni ya karatasi, ile inayotikisika kutoa sauti, hufyonza unyevu wa pwani hata bila kunyeshewa, na ukiipaka rangi inakuwa nzito, sauti inafifia. Pete ya sponji inayoizunguka huoza. Iguse kwa kidole kwanza, na ikimeguka usipoteze vanishi yako. Ya mpira huvumilia zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo mvua husingiziwa. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti: umbali ukiongezeka maradufu, sauti hushuka kama desibeli 6. Mtu anafungulia mpaka ampu inakoroma, na mara nyingi twita, kile kispika cha sauti nyembamba, ndiyo inayotangulia kuungua.

Kwa sabufa yenye ampu ndani, hapo sina mjadala. Humo umeingia umeme wa volti 230. Ukiifunga nailoni, joto halina pa kutokea; ukiiacha wazi, maji yanaingia, na watoto wanapita hapo miguu mitupu. Boksi kubwa libaki ndani ya duka, vitoke vile vispika vidogo tu, kwani kwa kawaida havina umeme wa ukutani. Besi utaipunguza, kweli, lakini mpira na taarifa ya habari vitasikika barazani. Waya wa kuongezea uwe mnene. Ule mwembamba wa kiwandani ukiungwa-ungwa hupoteza nguvu njiani, na kila kiungo ni mahali pa kutu.