Kasi ya Mithali Raj: Tumhukumu kwa Mechi Ipi?

Mithali Raj, mpigaji na nahodha wa timu ya kriketi ya wanawake ya India, alipostaafu Juni 2022 alikuwa na mikimbio (alama za kriketi) 7,805 katika mechi za ova 50 kwa kila timu, ova moja ikiwa mipira sita, na hadi siku hiyo hakuna mwanamke mwingine aliyefikisha idadi hiyo. Lakini kila anapotajwa, mazungumzo huishia kwenye kasi yake ya kufunga mikimbio. Wapo wanaodai kwamba alipiga polepole mno na kwamba katika miaka ya mwisho aliirudisha India nyuma. Wengine huona madai hayo ni utovu wa shukrani kwa mtu aliyeibeba timu kwa zaidi ya miaka 20. Mechi mbili zilizochezwa ndani ya wiki moja zinampa kila upande ushahidi wake.

Juni 27, 2021, mjini Bristol, India ilianza kupiga dhidi ya Uingereza. Mithali alifunga 72 kwa mipira 108, timu ikamaliza na 201. Uingereza iliifikia hesabu hiyo kwa kupoteza wiketi mbili tu, yaani wapigaji wawili kutolewa, tena ova 15 hivi zikiwa bado hazijachezwa. Julai 3, mjini Worcester, ilikuwa zamu ya India kukimbiza, yaani kupiga ya pili na kuifuata hesabu ya wapinzani. Ilihitaji 220. Wenzake wakawa wanatoka, yeye akabaki hadi mwisho na 75 bila kutolewa, kwa mipira 86, na ushindi ukapatikana katika ova ya mwisho. Siku hiyo hiyo alimpita Charlotte Edwards wa Uingereza kwa jumla ya mikimbio ya kimataifa.

Kwangu mimi, tofauti ya siku hizo mbili ina uzito kuliko wastani wowote. Worcester alikuwa na namba ya kufuata, akajua wapi avumilie na wapi aharakishe. Bristol hakuwa na namba, akarudia tabia yake ya siku zote: kulinda wiketi kwanza. Tabia hiyo ilimfaa sana India ikikimbiza, ikaigharimu timu ilipotakiwa kuanza kupiga na kuweka hesabu kubwa.

Hata hivyo, hakuiokota njiani. Alianza mwaka 1999 huko Milton Keynes, akiwa na miaka 16, akafunga 114 dhidi ya Ireland bila kutolewa. Mwaka 2002 alifunga 214 katika mechi ya Testi, ile ya siku kadhaa, mjini Taunton, rekodi ya dunia kwa wanawake wakati ule. Huyu hakuwa mtu asiyejua kupiga. Ila alikulia katika kriketi ya wanawake iliyokuwa maskini, iliyokuja kuwekwa chini ya bodi kuu ya kriketi ya India, BCCI, mwaka 2006 tu. Hata baada ya hapo, maisha yake yote ya mchezo yalimpa mechi 12 za Testi. Na mara nyingi akitoka yeye, timu nzima ilitetereka.

Fainali ya Kombe la Dunia 2017 pale uwanja wa Lord's ilionyesha hofu yake ya kupoteza wiketi ilitoka wapi. India ilihitaji 229. Mithali, aliyekuwa nahodha, alitolewa mapema akiwa anakimbia, na 17 tu. Timu ikafika 191 kwa wiketi tatu, kombe likawa karibu kabisa, kisha wiketi saba zikaanguka na yote yakaishia 219. Bado inauma.

Wakosoaji nao wana hoja nzito, hasa kwenye T20, mchezo mfupi wa ova 20 kwa kila timu, ambako alipata wastani wa mikimbio 84 hivi kwa kila mipira 100. Siku chache kabla ya fainali ile, mwenzake Harmanpreet Kaur alikuwa ameipiga Australia mikimbio 171 kwa mipira 115 pale Derby. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba wanawake wa India hawakuwa na njia nyingine ya kucheza.

Ndiyo maana siwezi kuiita dhuluma hatua ya kumwacha nje ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20 huko Antigua, Novemba 2018. Alikuwa amekosa mechi iliyotangulia kwa jeraha, India ikaishinda Australia bila yeye, na kubaki na kikosi kilichoshinda ni jambo la kawaida. Ninachokipinga ni uamuzi huo kwa uwanja ule. Mpira ulikuwa mzito kufika kwenye gongo, warushaji wa mpira wa mzunguko walikuwa wanatawala, na Mithali alikuwa ametoka kufunga mikimbio zaidi ya 50 mara mbili mfululizo katika mashindano hayo hayo. India ilitoka 89 kwa wiketi mbili hadi 112, wote nje. Siku hiyo haikuhitaji kasi zaidi. Ilihitaji mtu wa kubaki kati, na mtu huyo alikuwa amekaa benchi.

Aliachana na T20 mwaka 2019, akaendelea na ova 50 kama nahodha. Hapo ndipo naungana na wakosoaji: nahodha mwenye jina lake angeweza kuhamia nafasi ya chini zaidi katika mpangilio wa wapigaji India ilipoanza kupiga, na kuwaachia vijana kama Shafali Verma na Harmanpreet mipira mingi zaidi. Ilipokimbiza, angebaki pale pale. Worcester ilithibitisha kwamba hata akiwa na miaka 38 hakukuwa na mwenzake wa kumkabidhi kazi hiyo.