Msahihishaji Aliyepotea Ndia

Kazi yangu ni kusoma prufu. Kwa zaidi ya miaka 20 nimelipwa, ingawa si vizuri, kuwaonyesha watu wengine mahali walipokosea, na mazoea hayo yameniharibu kiasi kwamba siwezi kuagiza chakula mgahawani kabla sijasahihisha ubao wa bei. Kwa hiyo shemeji yangu wa Mombasa, aliyemwoa dada yangu, aliponitumia maneno ya kadi ya nikaha ya mwanawe ili nichapishe nakala za jamaa wa Dar es Salaam na Tanga, niliyasoma kalamu ikiwa mkononi. Nilikuta kosa moja tu. Mahali pa shughuli palikuwa pameandikwa "Ndia Kuu, Mji wa Kale".

Nilimhurumia. Niliona wazi kwamba kidole kilikusudia j kikatua kwenye d, ingawa katika simu kati ya herufi hizo mbili zimekaa f, g na h, na mtu mwenye tabia ya kujishuku angejiuliza ni kidole gani hicho kinachoruka herufi tatu. Sikujiuliza. Niliandika "Njia Kuu", na kwa kuwa mstari ulikuwa umezidi upana wa kadi, nikafuta "Mji wa Kale", kwa hoja kwamba njia kuu ya mji haihitaji kuelekezwa. Kadi zikachapishwa, zikagawiwa, nami nikapongezwa kwa unadhifu wake.

Siku ya shughuli nilishuka basi Mwembe Tayari saa nane mchana, nimevaa kanzu, mimi mjomba wa bwana harusi, nikiwa na muda wa kutosha kabla ya nikaha iliyopangwa kufungwa baada ya sala ya alasiri. Kijana wa tuktuk akaniuliza, "Wapi, mzee wangu?"

Hapo ndipo utaalamu uliponizidi. Nilikuwa tayari kusema "Njia Kuu", lakini neno njia likanikera kwa upana wake. Mbuzi ana njia, maji yana njia, siafu wana njia, hesabu ina njia, na anayekuambia kwa simu kwamba yuko njiani mara nyingi bado anatafuta viatu vyake. Mtaa nao haukufaa, kwani kwetu Tanzania mtaa una mwenyekiti na mhuri, na mtu anaweza kuishi mtaani miaka yote bila kuwa na njia ya kupitisha hata baiskeli. Barabara ndilo neno lenye adabu: imekusudiwa, imelimwa, imemwagwa kifusi au lami, na gari hupita juu yake bila kumwomba mtu radhi. Nikamwambia, "Barabara kuu."

"Barabara kuu ya Nairobi?"

"Kwani ziko ngapi?" nilimjibu, kwa sauti ile ninayoitumia kwa waandishi wachanga.

"Ni hiyo tu, mzee."

Tukaondoka. Tulipofika Makupa, ambako maji ya bahari yako kulia na kushoto, niliyasifu mandhari. Mombasa ni kisiwa, nami nilikuwa nimeingia kisiwani humo mchana ule ule kwa feri ya Likoni, kwa hiyo mtu mwenye akili timamu angeuliza kwa nini anavuka bahari mara ya pili wakati arusi iko mjini. Mimi nilikuwa nashughulika na jambo lingine, kwani kijana alikuwa amekaribia tuta akanipigia kelele, "Shika barabara, mzee!" Nikafurahi mno, kwa sababu aliweka mkazo kwenye silabi ya pili, kama inavyotakiwa mtu anapomaanisha sawasawa, na si kwenye ya tatu, ambapo neno hilo hilo hugeuka kuwa barabara ya kupitia magari. Nikaanza kumweleza tofauti hiyo. Tuta likanikatiza, kofia ikaniziba macho.

Shemeji akapiga simu. "Ndoo upesi, shemeji! Twakungoja wewe tu! Ndoo!"

Mtandao ukakatika. Nikawaza: watu wengi, shughuli kubwa, bila shaka maji yamekatika bombani, na huyu bwana katika taharuki yake ameona nani wa kumtegemea isipokuwa mjomba. Nikamsimamisha kijana kando ya duka, nikanunua ndoo ya plastiki ya lita 20, ya kijani, yenye mfuniko, nikaipakata kwa heshima tukaendelea.

Simu ililia tena tukiwa Changamwe.

"U wapi?"

"Niko njiani."

"Ndia gani?"

"Barabara kuu. Na ndoo ninayo."

Kukawa kimya. Kisha akauliza taratibu, kama daktari anavyomuuliza mgonjwa, "Waona nini hapo ulipo?"

"Naona malori. Na matangi ya mafuta."

"Matangi ya mafuta! Shemeji, wenda Nairobi!"

Kijana alipoambiwa tugeuze hakucheka, na kwa hilo namshukuru, lakini nauli aliiongeza mara mbili, akaiongeza tena tulipokwama kwenye foleni ya Makupa nikiwa na kanzu iliyogeuka rangi. Nilipomtajia sasa "Ndia Kuu", na d yake, alinitazama kwa masikitiko. "Si ungesema, mzee? Hapo kwa mguu ungefika."

Ni kweli. Ndia Kuu huanzia karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na hupita katikati ya Mji wa Kale chini ya roshani za mbao. Ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana hapo, madereva hulazimika kufahamiana. Ukuu wake ni wa zamani, na mimi niliupima kwa malori.

Nikaha ilikuwa imekwisha fungwa. Shemeji alinipokea mlangoni, akaitazama ndoo, akanieleza mbele ya wazee kwamba Kimvita hakikosei kibodi: njaa kwao ni ndaa, njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Aliyasema polepole, akisubiri baada ya kila neno, jinsi mimi ninavyowafanyia wengine. Dada yangu alilazimika kuingia ndani ili acheke vizuri. Nikapewa biriani ya chini ya sufuria na mahali pa kukaa, yaani juu ya ndoo, kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha.

Sikuwa nimemaliza tonge la tatu shemeji alipotoka akiwa na simu sikioni. Ilikuwa gari la jamaa wa Tanga, watu saba. Walikuwa wamevuka Likoni salama, wakauliza njia kuu, kila mtu akawaelekeza vizuri kabisa, na sasa walikuwa wanapita Mariakani, wanataka kujua kama arusi bado iko mbali.

Shemeji akaninyoshea simu. "Wana kadi yako mkononi," akasema. "Wasahihishe."